Mkuu wa Kaya ya Bi Nusura

Valarie Adero alifika nyumbani kwa Bi Nusura Jumamosi asubuhi, akamkuta kibarazani anachambua mchele. Alikuwa amevaa fulana ya kijani ya mradi na ameshika tableti iliyofungwa mfuko wa nailoni kuikinga na vumbi. Viatu vyake vilionyesha kwamba ameshapita upande wa chini wa zoni ya mtaa huo, ule ambao haukauki hata kiangazi. Bi Nusura alimpa kigoda, akamletea chai, akaendelea kutoa vijiwe kwenye ungo. Maswali yakaanza, na kwa muda mrefu hayakuwa na tatizo lolote.

Mradi ulikuwa mzuri. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu waliusema vibaya hadi wakasahau kwamba waliouanzisha walikuwa na nia njema. Kampala ilikuwa imekua ovyo tangu vita viishe. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa themanini na sita walikuwa sasa wazazi, kila mmoja ameongeza chumba nyuma ya chumba, na maji ya mvua yalikuwa yamekosa pa kupita. Wenye mradi wakasema watauliza kila nyumba inaishije, inapikia nini, inatupa taka wapi, maji yanaiingilia wapi, na taarifa hizo zitatumika kwa faida ya wote. Huku Kawempe, faida ya wote ilikuwa na maana moja tu, nayo ni mfereji.

Bi Nusura aliutaka mfereji huo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu aolewe. Marehemu mumewe, Sulaimani, alikuwa mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na vitambaa kutoka pwani na asione haja ya kurudi. Nyumba aliyomwachia ilikuwa chini ya mteremko. Mvua zikinyesha, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita chumbani kwa binti yake Raisa, yakatokea mbele bila kugonga. Fundi aliyekuja kuukagua ukuta wa nyuma aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akasema utavumilia msimu mmoja zaidi wa mvua, na hata huo anausema kwa heshima ya mama mwenye nyumba.

"Watu wangapi wanakula hapa, Mama?" Valarie aliuliza.

"Watatu."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na nyumba za akina Bi Nusura tu. Kwao hakupikwi kwa hesabu kamili. Wakiwa wawili, hupikwa cha watatu, sahani ya tatu hufunikwa kawa na kuwekwa pembeni, na asipotokea mtu hupelekewa jirani. Wako waliodhani kwamba Bi Nusura anamngoja mtu aliyepotea vitani. Hakuwa anamngoja mtu yeyote. Mama mkwe wake alifanya hivyo, na mama mkwe wa mama mkwe wake. Kumwambia mtu aliyekaa kibarazani kwako kwamba hapa tunakula wawili tu ni sawa na kumfukuza, kwa hiyo alisema watatu bila kufikiri.

"Wa kwanza ni wewe. Wa pili?"

"Raisa, binti yangu. Anafundisha watoto wadogo, wale wa chekechea."

"Na wa tatu?"

"Mgeni."

"Jina lake lingine?"

"Sasa nitajuaje, bambi mwanangu, na hajafika?"

Valarie alicheka, kisha akaitazama tableti, akaacha kucheka. Yeye alikuwa ametoka Siaya kufuata kazi, na kwao mtu huhesabiwa akiwa amekwisha kukaa. "Hii kitu ikishaandika watatu hairudi nyuma, Mama," alisema. "Inataka watatu."

Basi wakamjaza pamoja, kwa moyo mweupe kabisa. Jina aliitwa Mgeni Sulaimani, kwa kuwa anayekula humu ni wa humu. Kuhusu jinsia, Bi Nusura alisema inategemea atakayekuja, lakini tableti haikuwa na nafasi ya jibu hilo, na Valarie akachagua mwanaume. Umri waliweka arobaini, maana mtoto hula na mama yake na mzee hutuma habari kabla. Kwenye kazi waliweka "nyingine". Dini iliachwa wazi kwa sababu chaji ilikuwa inaisha. Swali la mwisho liliuliza kama mkuu wa kaya anakubali taarifa hizi zitumike. Bi Nusura alisema angependa kwanza kujua zitatumiwa na nani. Ukibonyeza hapana, tableti ilifuta nyumba nzima na jasho la asubuhi yote. Valarie akabonyeza ndiyo, kama alivyobonyeza kila nyumba aliyopita.

"Na mfereji utakuja?" Bi Nusura aliuliza akimsindikiza.

"Ndivyo wanasema, Mama."

Jumatatu, watu wakitoka kuswali magharibi, mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanaume wa makamo mwenye shati safi, na viatu vyake havikuwa na tope ijapokuwa njia nzima ilikuwa tope. Sura yake ilikuwa ya mtu uliyewahi kupanga naye foleni benki na hukumbuki lini.

"Mimi ni Mgeni Sulaimani," alisema.

"Karibu, baba. Chakula kinapoa," alisema Bi Nusura, akaifunua sahani.

Alikula chote, hakubakiza wala hakuomba nyongeza, kwa kuwa kilikuwa kipimo chake. Raisa alipomuuliza kama ametoka mbali, alisema ndiyo. Alipomuuliza kama basi ametoka hapa karibu tu, alisema ndiyo. Bi Nusura akaona mtu amechoka, akamtandikia godoro sebuleni.

Palikuwa na suala la mwanaume kulala katika nyumba ya wanawake, na Bi Nusura hakulipuuza. Alimwita Sheikh Wasim, anayesomesha watoto Kurani mtaa wa pili. Sheikh alikunywa chai, akamtazama Mgeni kwa muda, akasema vitabu alivyosoma havikumtaja mtu wa namna hii. Kwa maoni yake alale sebuleni na mlango wa kati ufungwe. Ijumaa akaja Habib, mwanawe Bi Nusura, anayeuza chupa za chai kwa jumla Kikuubo na kuishi huko huko mjini. Alimkuta Mgeni anakatakata vitunguu bila kutokwa na machozi. Alimzunguka, akasema kwa mbali anafanana na baba zao wadogo, na maneno juu ya jambo hilo yakaishia hapo.

Mgeni alikuwa rahisi kuishi naye. Alitumia jerikeni moja ya maji kwa siku, ndivyo ilivyoandikwa, na akaichota mwenyewe. Ijumaa alikwenda msikitini na Habib, Jumapili alikwenda kanisani na Wakenya waliopanga nyumba ya jirani, na kote alikaa karibu na mlango. Sheikh alisema mtu ambaye dini yake haikujazwa hawezi kulaumiwa. Mgeni alikunja nguo vizuri kuliko Raisa. Alimsikiliza Bi Nusura akisimulia harusi za watu waliokwisha kufa, na hakuwahi kutazama saa.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakujua kukataa. Watoto wa mtaa waliligundua hilo siku ya pili, na kwa wiki nzima aliwabeba mgongoni hadi shuleni kwa zamu, mkubwa kwa mdogo. Ukimwuliza swali la ndiyo au hapana, alijibu ndiyo. Bi Nusura alijaribu kumfundisha. Alimkalisha mbele ya kikombe cha chai, akamwuliza kwa upole, "Mgeni, nikutilie chumvi?"

"Ndiyo."

"Fikiri kwanza. Chumvi, kwenye chai ya maziwa."

"Ndiyo, Mama."

Alimtilia, ili ajifunze. Mgeni akanywa hadi mwisho, akashukuru. Bi Nusura aliona haya, akampikia chai nyingine yenye iliki, na tangu siku hiyo yeye na Raisa wakawa wanamwuliza wapi, nani na lini. Maswali hayo aliyajibu kwa ukweli mtupu.

Kazi yake ilikuwa ile "nyingine". Asubuhi, katikati ya chai, aliinua kichwa kama aliyeitwa kwa jina kutoka njiani, akavaa viatu, akaenda. Jioni alirudi na biskuti za mikutano mfukoni, wakati mwingine na kichupa cha maji ambacho hakikufunguliwa. Alinukia ubaridi wa ofisi. Alizitoa biskuti akaziweka mezani mbele ya Raisa, na Raisa akazipelekea watoto wake wa chekechea.

"Leo ulikuwa wapi?" Bi Nusura aliuliza.

"Kwa watu wa mikopo ya simu. Nilionyeshwa ukutani."

"Wakakufanya nini?"

"Walinisoma, kisha wakaninakili."

Siku mbili baadaye simu ya Raisa ilianza kuingiza ujumbe uliomwita mpendwa mteja na kumpongeza kwa kaya yake ya watu watatu. Juma lililofuata Mgeni alikuwa kwa watu wa gesi, na kijana mmoja akaja na mtungi mabegani, anajua kwamba hapa wanapikia makaa na gunia linaisha lini. Halafu Mgeni akawa anaitwa kwa watu wa maghala, wale waliokuwa wanajenga juu ya mteremko, na akaitwa huko mara nyingi kuliko kwingine kote. Baada ya hapo alikuja dalali mwenye kofia nzuri. Hakuomba kuzungushwa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akauweka mkono kwenye ukuta wa Raisa mahali pale pale palipolowa, akataja bei ambayo Bi Nusura hakuirudia kwa mtu.

"Na watu wa mfereji wamekuita lini?" alimwuliza Mgeni jioni hiyo.

Mgeni alifikiri. "Sina siku hiyo," alisema.

Bi Nusura alikasirika, lakini si na Mgeni. Huwezi kumkasirikia mtu ambaye unaona kabisa anachukuliwa. Alimwita Habib, na asubuhi moja, kabla Mgeni hajaitwa kwingine, wakampeleka wote wawili ofisi ya mradi, mjini, ghorofa ya tatu.

Aliyewapokea aliitwa Odoch, kijana mpole aliyekulia kambi ya jeshi Makindye, ambako baba yake alikuwa koplo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliandika majina, akatazama kioo, akatabasamu kwa kuwatambua.

"Mimi naona nyinyi, Mama. Nyumba iko, watu tatu iko. Shida gani?"

"Tumekuja kuhusu mfereji," alisema Bi Nusura. "Taarifa zetu zimefika kila mahali. Hata muuza gesi anazo. Mfereji ndio haujafika. Nataka kuandika malalamiko."

"Hakuna shida. Malalamiko inaletwa na mukuu ya kaya."

"Ni mimi."

Odoch aliangalia tena. "Hapana, Mama. Mukuu ya kaya ni huyu sebo. Mwanaume, mutu muzima. Sistimu inachagua yenyewe. Wewe iko hapa chini, na dada. Nyinyi wategemezi yake."

Bi Nusura alimgeukia Mgeni, ambaye alikuwa amevaa shati alilompigia pasi yeye mwenyewe. "Kale, haya basi," alisema. "Anatutunza vizuri."

Odoch akamwuliza Mgeni, "Sebo, uko na malalamiko?"

"Ndiyo."

Habib aliushika mkono wa mama yake chini ya meza. Odoch aliandika. Kisha, kwa kuwa lilikuwa swali linalofuata, akauliza, "Ama umeridhika na kazi ya muradi?"

"Ndiyo."

Sistimu ilipokea jibu moja tu, nalo lilikuwa la mwisho, kwamba ameridhika. Odoch alisikitika kweli. Alitoka, akawanunulia soda kwa mfuko wake, akawafungulia chupa.

"Basi nionyeshe mlichoandika juu yangu," alisema Bi Nusura.

"Hiyo siwezi, Mama. Hiyo ni siri. Sisi nalinda taarifa ya mutu."

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Mnanilinda na nani?"

"Na watu ingine."

"Watu wa maghala wameiona?"

"Wale ni wadau," alisema Odoch, na kwa kuwa hakupenda kumficha mwanamke wa umri wa mama yake, alimwonyesha ramani iliyokuwa ukutani. Mfereji ulikuwepo, mstari wa buluu. Ulianzia barabarani, ukayazunguka maghala vizuri, ukaishia juu ya mteremko, mahali ambapo chini yake kulikuwa na nyumba ya Bi Nusura na za wenziwe. Kutoka hapo maji yangejitafutia njia.

"Waliomba upite huko," alisema Odoch. "Walileta ushahidi muzuri sana."

"Ushahidi gani?"

"Kwamba hapa chini maji tayari inaingia. Sasa ikiingia tena, haiharibu kitu mupya."

"Ushahidi huo wameupata wapi?"

Odoch alimwonyesha kwa midomo Mgeni, aliyekuwa amesimama mlangoni anasoma kwa makini maelezo ya nini cha kufanya moto ukizuka. Habib aliapa kwa sauti ya chini. Bi Nusura alimaliza soda yake, kwa sababu ilikuwa imenunuliwa kwa wema, na wakarudi nyumbani.

Habari za ramani zilipoenea, kulikuwa na kelele kidogo, na mradi ukatangaza masahihisho. Valarie alirudi Jumapili, mchana, fulana yake imepauka. Habib alikuwepo. Mgeni alikuwa ametoka kanisani na alikuwa jikoni anaosha vyombo. Valarie alikataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, ni mimi nilikuharibia," alisema. "Wametuletea njia ya kurekebisha. Watu ambao hawako tunawatoa. Nikimtoa huyu, wewe ndio unakuwa mkuu wa kaya. Kesho unaandika malalamiko, na ramani bado hawajaifunga. Nimesikia wakiandika watu wa kutosha watausogeza huo mfereji."

"Na yeye ataenda wapi?"

Valarie aliitazama tableti. "Sijui, Mama. Mtaa wa juu nimewatoa watatu. Walikuwa wanakunywa chai. Vikombe vilibaki."

Huko jikoni sahani ziliendelea kugongana taratibu.

"Maama," alisema Habib, "ukuta utaanguka. Raisa analala pale. Huyu ni kosa la tableti."

"Tableti haikusema watatu. Niliyesema ni mimi."

"Basi leo sema wawili."

Habib hakuwa mtu mbaya, na alimpenda mama yake kiasi cha kufunga duka mchana, wakati wa wateja, ili aje kumtazama. Alikwenda hadi mlango wa jikoni na kusema kwa adabu, "Kaka, nisamehe. Tunataka kukutoa kwenye orodha, nyumba ipate mfereji. Uko sawa na hilo?"

"Ndiyo," alisema Mgeni, akiifuta sahani.

Habib alimgeukia mama yake, akanyoosha mikono kuonyesha kwamba jambo limekwisha. Bi Nusura akasimama.

"Usimwulize hivyo," alisema. "Huyo ungemwuliza kama tumchinje, angesema ndiyo na kukushikia taa. Sasa hiyo unaiita ruhusa? Wote wanaomchukua asubuhi wanamwuliza hivyo hivyo, wanapata ndiyo yao, wanaondoka nayo. Na mimi nifanye kama wao, humu humu anamokula?"

Alimpenda Mgeni, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Alimpenda kwa namna alivyoweka biskuti mezani, na kwa ile chai ya chumvi. Aliupenda pia ukuta wake, na binti aliyelala nyuma ya ukuta huo alimpenda kuliko vyote. Alimtazama Raisa. Raisa alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika daftari za watoto ambazo hakuwa anazisahihisha.

"Nitalala kwako, Mama," alisema Raisa. "Kitanda chako ni kikubwa."

Valarie aliisoma tableti kwa sauti, kama alivyotakiwa. "Je, mtu huyu yupo?" Safari hii alilisoma swali hadi mwisho, akangoja kujibiwa.

"Yupo," alisema Bi Nusura.

Valarie akabonyeza, akaifunga tableti, akasema basi atakunywa hiyo chai. Mgeni ndiye aliyemletea.

Ramani ilifungwa mwisho wa mwezi. Walioandika malalamiko walikuwa wachache, mfereji ukachimbwa kama ulivyochorwa, ukawa mzuri, wa zege, na magari ya maghala yalipita juu yake kwenye daraja dogo lenye rangi nyeupe na nyeusi. Bi Nusura alipanda siku moja kuutazama. Alisema kazi imefanywa vizuri.

Mvua ilipokuja ilikuja mchana, Jumanne. Mfereji uliyabeba maji yote ya juu, hata yale ambayo zamani yalikuwa yanatawanyika, ukayakusanya na kuyaachia pale ulipoishia. Bi Nusura, Raisa na Mgeni walikuwa wamekwisha kuinua kitanda kimoja juu ya matofali na wameshika cha pili, maji yakiwa kwenye vifundo, Mgeni alipoinua kichwa.

"Si sasa," alisema Raisa. "Mgeni, si sasa."

Lakini siku ile mji mzima ulitaka taarifa za mafuriko. Walimwita kutoka kila upande, na mtu asiyejua kukataa hana namna. Aliiweka miguu ya kitanda chini taratibu, akakunja suruali, akatoka mlango wa mbele pamoja na maji. Bi Nusura alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akaendelea kubeba. Ukuta wa nyuma ulianguka kabla ya magharibi. Ulianguka upande wa nje, bila kelele nyingi, na Raisa hakuwepo chumbani. Alikuwa sebuleni amebeba gunia la mchele.

Mgeni alirudi kesho yake, jioni. Suruali yake ilikuwa bado imekunjwa. Biskuti safari hii zilikuwa nyingi, za aina mbili, na Raisa alizifunga kwenye leso azipeleke shule ikifunguliwa. Mahali palipokuwa na ukuta Habib alikuwa ametundika turubai la buluu, na kupitia pembeni yake mtu angeweza kuyaona maghala yote, makavu, taa zinawaka. Mgeni alivua viatu, akachukua ndoo, akaingia chumbani kumsaidia Bi Nusura kuchota tope.

"Jana walikupeleka wapi?"

"Hoteli. Ulikuwa mkutano mkubwa."

"Walikuwa wanazungumza nini?"

"Mafuriko ya zoni hii. Walijua kila kitu, Mama. Maji yalifika wapi, saa ngapi, kwa nani. Walituonyesha ukutani kwa rangi. Walisikitika sana."

"Wakaamua nini?"

"Wakusanye taarifa zaidi. Wataanza upya, nyumba kwa nyumba, mvua zikiisha."

Bi Nusura alijaza ndoo yake, akaisukuma kando. Mgongo ulikuwa unamwuma, na kwa uchovu akasahau kwamba Mgeni haulizwi hivyo.

"Na huu ukuta, kuna mtu yeyote aliyekuuliza habari zake?"

"Ndiyo," alisema Mgeni.

Bi Nusura alimtazama. Mgeni alikuwa na tope hadi magotini, na jingine shavuni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa tope kumshika. Bi Nusura alishika ncha ya kanga yake akamfuta shavu, kisha akamsogezea ndoo.

"Kale, baba," alisema. "Shika upande huo, tumalize kabla giza halijaingia."